Mgeni Aliyekuja na Barafu

Tangu nilipoolewa nikaletwa huku kando ya ziwa, nyumba ninayoifagia kila asubuhi inaitwa nyumba ya Amparo. Muuza samaki akiulizwa njia anaelekeza, nyoosha mpaka kwa Amparo, halafu kata kushoto. Mleta gesi akifika langoni anapiga kelele, "Gesi ya kwa Amparo!" na anayemfungulia ni mimi, Loida, mke wa ndoa, niliyefungishwa na padri mbele ya watu. Mwingine angecheka. Mimi sikuwahi kuona kichekesho chake.

Habari yenyewe ni fupi. Mume wangu Efren ni baharia. Kabla yangu alikuwa amemchumbia Amparo, fundi cherehani wa nyuma ya kanisa, na wakati yeye yuko melini, Amparo ndiye aliyekuwa akisimamia mafundi wa nyumba. Dirisha la jikoni likae wapi, vigae vya sakafu viwe vya rangi gani, yote aliamua yeye. Nyumba ilipofikia kupakwa rangi, mama mkwe akasema neno kwenye karamu ya mtakatifu wa mji. Amparo akasimama, akavua pete, akaiweka kando ya sahani na kwenda zake. Neno gani? Kila anayesimulia ana lake. Mwaka uliofuata Efren akanikuta mimi kwetu Bikol, nikaletwa kwenye nyumba iliyokwisha kamilika, nikapewa funguo kama mpangaji.

Amparo alikuwa mfupi, mimi ni mrefu. Meza ya saruji aliyojengesha jikoni ilimfaa yeye. Mimi nikikata kitunguu hapo mgongo unaniuma mpaka nalala. Droo ya vijiko haikuwahi kunifungukia bila vita. Naivuta, inagoma, naipiga goti, inatoka nusu. Na mwenyewe tukikutana sokoni ananisalimu kwa adabu zote, "Hujambo, Loida? Efren hajambo?" Angenitukana ningepumua.

Kwa hiyo niliamua kualika watu kwa chakula cha jioni. Huku, nyumba si yako mpaka umelisha watu ndani yake wakashindwa kuinuka, na mimi nilikuwa sijawahi. Kila sikukuu ilikuwa kwa wifi yangu Salud, dada mkubwa wa Efren, kwenye meza ndefu na mashine ya karaoke. Nikamwambia Efren, safari hii ukiwa likizo, Jumamosi watu watakuja kula kwangu. Nilisema kwangu, nikalirudia. Wakitoka hapa wameshiba, nilifikiri, wataanza kusema walikula kwa Loida. Nililitaka hilo kuliko kitu chochote, na sioni haya kulisema.

Jumatano Amparo akafa, kichwa kimelalia cherehani yake.

Salud alikuja kabla kengele ya kanisa haijanyamaza, khanga ya jikoni bado iko kiunoni.

"Wifi, ahirisha."

"Niahirishe nini?"

"Hiyo karamu yako. Maiti haijazikwa, wewe unapika?"

"Mji huu watu wanakufa kila wiki, dada Salud. Tukiacha kula kila akifa mtu tutabaki mifupa. Wewe mwenyewe ulifanya ubatizo na maiti ya mzee Ambo imelazwa sebuleni kwao."

"Mzee Ambo hakujenga nyumba yangu."

Hilo lilinipata penyewe. Nikafuta meza iliyokwisha futwa. "Sitaahirisha," nikasema. "Ila nakuomba kitu kimoja. Najua jioni zote utakuwa kule unakesha. Jumamosi usije kwangu moja kwa moja ukitokea msibani. Pitieni kwanza mahali."

"Unanifundisha mila, mimi?"

"Nakukumbusha."

"Haya, tutapitia duka la mikate. Umeridhika?"

Hakuna mtoto wa huku asiyelijua hilo. Ukitoka kwa maiti huendi moja kwa moja nyumbani kwako, wala kwa mwenzako. Unapita dukani, mgahawani, hata kwenye kibanda cha sigara, unazubaa kidogo, ili aliyekufa kama amekufuata apotelee huko.

Efren siku zote hizo alijitafutia kazi. Alitengeneza feni ambayo haikuwa imeharibika, akapiga kiwi viatu vyote vya nyumba, hata vyangu vya kwendea sokoni. Ijumaa akaniuliza, bila kunitazama, kama anaweza kwenda kule japo mara moja. Nikamwambia Jumapili ndiyo maziko, aende kanisani kama watu wote. Akasema sawa. Alisema upesi mno, na mimi nikafurahi.

Jumamosi nilianza mapema. Nilikuwa na majani makavu ya magimbi niliyotumiwa na mama kutoka kwetu, nikakaa kwenye mbuzi nikakuna nazi, nikakamua tui zito nikalitenga na jepesi. Majani yale hayakorogwi mpaka yalainike yenyewe, ukikoroga mapema yanawasha koo, basi nilikaa nayo kama mtu anayemlinda mgonjwa. Nikatia dagaa, tangawizi, na pilipili ile ya kwetu, lakini si nyingi. Watu wa huku ni waoga. Nyama ya nguruwe ilikuwa imeiva kwenye siki na vitunguu saumu tangu mchana. Nilionja vyote. Chumvi ilikuwa sawa, ukali ulikuwa sawa, mpaka nikajipongeza mwenyewe peke yangu jikoni.

Sahani zilikuwa mpya, nyeupe, kila moja imechorwa samaki wa buluu kwenye ukingo mmoja. Nilizipanga sita, kila samaki akimtazama atakayekaa hapo. Nikarudi nyuma nikaziangalia. Mezani hapo hapakuwa na kitu alichochagua Amparo.

Wageni walifika kukiwa bado na mwanga. Salud na mumewe Isko walikuja na mfuko wa mikate, Salud akaunyanyua juu niuone vizuri, kama shahidi mahakamani. Mkono wa pili alibeba sinia la tambi, limefunikwa.

"Hizo za nini?" nikauliza.

"Za tahadhari, wifi. Usikasirike."

Akaja Bibi Pacing, jirani yetu mjane ambaye hajapitwa na harusi wala msiba tangu ujana wake. Dante naye akaja, mwenzake Efren wa melini, kapera mwenye maneno mengi, akaanza kunusa tangu mlangoni. "Shemeji, harufu hii mtu anaweza kuoa kwa ajili yake!"

Isko akaomba bia ya baridi, na friji yangu ilikuwa imejaa kastadi. Nikamtuma Efren. "Barafu, na saa moja uwe umeketi. Usinitie aibu." Akachukua pikipiki.

Barafu inauzwa pale kwenye kona ya kanisa. Efren alikaa huko mpaka Dante akamaliza hadithi zake mbili za bandarini na Isko akaanza kuangalia saa. Saa moja ilipogonga ndipo akaingia, mfuko unavuja maji mpaka vidoleni.

"Ilikuwa foleni," akasema.

Nikamnyang'anya mfuko, nikamkalisha. Isko akasali. Pakaingia harufu ya maua yaliyokaa chumba kilichofungwa, nami nikadhani ni ya dirishani.

Ndipo kijiko kikaanguka. Hakikuwa ukingoni, kilikuwa katikati ya meza kando ya bakuli la wali, na hakuna aliyekigusa. Kililia kwenye vigae kikajizungusha mara kadhaa.

"Kijiko!" akasema Salud. "Mgeni wa kike yuko njiani."

"Awe mzuri tu," akasema Dante. "Na awe na kazi. Mwambieni nipo."

Wakacheka. Efren hakucheka. Niliinuka nikaenda jikoni kuchukua kijiko kingine. Nilinyoosha mkono kwenye droo, nimeshaandaa goti, na kabla sijaigusa ikatoka yenyewe. Ilitoka yote, taratibu, kwa ulaini ambao sikujua kwamba inao, ikasimama mbele yangu na vijiko vimepangana. Nikajiambia ni mvuke, mbao zimelainika.

Nilirudi mezani na kijiko. Walikuwa wanakula, lakini kama watu wanaomeza dawa. Dante, aliyetaka kuoa kwa ajili ya harufu, alikuwa anasukuma wali kutoka upande huu kwenda ule.

"Vipi?" nikauliza. "Kali?"

"Hapana, shemeji. Tamu. Tamu sana."

"Chumvi?"

"Ipo, ipo. Nadhani ipo."

Nikaonja. Jamani! Majani niliyoyalinda mchana kutwa hayakuwa na kitu. Si chumvi, si pilipili, si tui. Ilikuwa kama kutafuna pamba. Nikachukua nyama, vilevile. Nikamwona Salud akinitazama, nikajua anachofikiria, kisha akavuta tambi zake mwenyewe, akatia kinywani, akaacha kutafuna.

"Nimetia chumvi hizi," akasema polepole. "Isko, si uliniona natia?"

Bibi Pacing akaweka kijiko chini. "Chakula hiki kimeshaliwa."

"Ndiyo kwanza tunaanza, Bibi," nikasema.

"Kimeliwa na mwingine, mwanangu. Sisi tumeachiwa makapi. Nani hapa katoka msibani?"

"Msinitazame mimi!" Salud akaruka. "Tumepitia mikate! Tumeingia, tumenunua, nimegombana na muuzaji mpaka kanisonya. Mfuko si ule pale!"

Hakuna aliyekuwa anamtazama. Sote tulikuwa tunamtazama Efren, kwa sababu alikuwa ameficha mkono chini ya meza. Nikaushika nikaupandisha juu. Kwenye pindo la mkono wa shati, pale palipopigwa pasi na mimi, palikuwa na tone la nta nyeupe ya mshumaa.

"Foleni ya barafu, Efren?"

"Nilipita kwa Amparo," akasema. "Kidogo tu. Nilisimama mlangoni. Wakaniambia ingia umwone, kesho hutamwona tena. Nikaingia. Nikawasha mshumaa."

"Halafu?"

"Halafu nikaja. Ulisema saa moja."

"Hukupitia popote?" akauliza Bibi Pacing. "Hata kibandani? Hata kununua kiberiti?"

"Barafu ilikuwa inayeyuka, Bibi."

Dante akashika kichwa. "Ndugu yangu! Si ungeanza na msiba ukamalizia na barafu? Duka la barafu lingekuwa ndiyo kituo chako. Yangeisha hapo hapo."

"Najua," akasema Efren. "Nilinunua barafu kwanza makusudi. Niliona nikiwa nayo mkononi sitakaa. Nitakuwa na sababu ya kuondoka."

Angekuwa amekwenda kwa tamaa ningejua la kufanya, ningemrushia bakuli. Lakini mtu anayebeba barafu ili imtoe mbele ya jeneza, huyo unamfanya nini? Usiku ule mmoja niliouomba, watu wale wachache, sahani zile, vyote vilikuwa vimekwenda. Na kwenye pembe ya meza, upande wa dirisha la jikoni, kiti cha akiba nilichokuwa nimekisukuma ukutani kilikuwa kimesogea. Sikumuuliza mtu kama ndiye aliyekisogeza.

"Tumfukuze," akasema Isko, sauti imekauka. "Kuna maji ya baraka?"

"Nyamaza wewe," akasema Bibi Pacing. "Aliyekuja saa ya kula ukimfukuza anakaa. Anaandaliwa, anakaribishwa, kisha aliyemleta anatoka naye, anakwenda kumwacha mahali."

"Nani anamkaribisha?"

"Mwenye nyumba."

Wote wakanigeukia. Salud peke yake alitazama sakafu, vigae vya Amparo. Miaka yote hiyo nilikuwa nangoja mtu wa mji huu aniite mwenye nyumba, na sasa nimeitwa ili nimfungulie yeye.

Nikaleta sahani ya saba. Nikaiweka pale kwenye pembe, samaki akikitazama kiti, kama nilivyowawekea wengine. Nikatia wali kijiko kimoja. "Karibu, Amparo," nikasema. "Tunakula." Nilitaka kulisema kwa sauti ya mwenyeji, likatoka kama la mtu anayeomba.

"Haya, Efren, inuka," akasema Bibi Pacing. "Nenda mpaka duka la mikate. Ingia ndani, zubaa. Ukitoka usigeuke nyuma."

Efren akainuka. Mlangoni alisimama akatazama ndani, na macho yake yalikwenda kwanza kwenye kile kiti kitupu, kisha ndiyo yakaja kwangu. Nililiona hilo. Kisha tukasikia pikipiki ikikohoa mara mbili, ikawaka.

Mtu akiondoka mezani wenzake wakiwa bado wanakula, wanaobaki huzungusha sahani zao, ili afike salama aendako. Kila nyumba ya huku inafanya. Kwenye ukoo wa Efren mke wa nyumba ndiye anayeanza, wengine wanafuata. Walikuwa wananingoja. Mikono yangu ilikuwa mapajani na sikuitoa.

"Wifi," akanong'ona Salud. "Geuza."

"Nitageuza."

"Lini? Barabara ya ziwani haina taa, malori yanapita pale. Geuza!"

"Nimesema nitageuza!"

Nilitaka aende kidogo hivyo hivyo, bila kugeuziwa sahani. Nilitaka ajue mtu anavyojisikia akiwa hana anayemshikilia upande wa pili. Sikumtakia mabaya, Mungu ananijua, nilitaka tu nimkasirikie kwa muda ambao mke ana haki nao. Pikipiki ilikuwa imeshapinda kona. Ndipo nikatoa mkono, nikashika ukingo wa sahani yangu, nikamwona Bibi Pacing ameduwaa, anatazama pembeni.

Sahani ya saba ilikuwa imegeuzwa. Samaki wake alikuwa anatazama mlango.

Hatukusikia ikisuguana na meza. Kijiko kimoja cha wali kilikuwa palepale katikati, hakikumwagika hata punje.

"Ulimwekea hivyo, shemeji?" akauliza Isko.

"Nilimweka akitazama kiti."

"Una hakika? Labda kwa haraka..."

"Isko, nyamaza," akasema Salud. Alipiga ishara ya msalaba, kisha akazungusha sahani yake. Isko akafuata. Dante akazungusha ya kwake, halafu ya Efren. Bibi Pacing akazungusha. Mke wa nyumba alikuwa ameanza, na wao wakafuata, kama ilivyo desturi. Ya kwangu ikawa ya mwisho.

Niliogopa, ndiyo. Lakini kabla ya woga kulikuwa na kitu kibaya zaidi, nacho ni aibu. Mume wangu alikuwa gizani barabarani, mimi nimekunja mikono, na aliyewahi kumtakia salama ni yule niliyemwalika bila kutaka. Na alikuwa hajamfuata. Tulidhani amekuja kwa ajili ya Efren, atatoka naye. Efren ametoka, yeye amebaki ameketi.

Feni ilizunguka. Mara moja Salud alinyoosha mkono chini ya meza akanishika wangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na nilimwachia.

Pikipiki ilirudi. Efren akaingia na mfuko wa mikate, uso umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. "Nimemwacha," akasema. "Nilizubaa pale mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa. Lori moja lilinipita karibu pale kwenye daraja, lakini likanipita." Akavuta kiti chake. Kisha akafanya kama tunavyofanya sote tukirudi, akatupia macho mezani kuangalia sahani. "Mlinigeuzia?"

Walikuwa wananiachia mimi.

"Tulikugeuzia sote," nikasema.

Macho yake yakapita sahani moja baada ya nyingine, ya Salud, ya Isko, yakapita yangu, yakafika kwenye pembe ya dirisha yakasimama hapo. Alikaa chini taratibu. Machozi yalimtoka bila kujificha, mbele ya dada yake, mbele ya mwenzake wa kazi, na mimi sikumwambia anyamaze.

Niliinuka nikachukua upawa. Nikaanza na ile ya saba, wali kwanza, kisha majani, kisha kipande cha nyama chenye mafuta, kama anavyopakuliwa mgeni. Mchuzi ulidondoka kidogo ukingoni, nikaufuta kwa kidole. Samaki alikuwa bado anatazama mlango, na sikuthubutu kumrudisha.